Kutuma Barua Pepe kutoka Seva ya Nyumbani kupitia Rilei ya Mtoa Huduma wa Intaneti: Njia, Dhamana na Gharama Zake

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi seva ndogo iliyoko nyumbani inavyoweza kutuma barua pepe kwa kuzikabidhi kwanza kwa seva ya mtoa huduma wa intaneti, badala ya kuzipeleka yenyewe hadi kwa mpokeaji. Yanaanza na safari ya barua chini ya itifaki ya SMTP, kisha yanabainisha sababu zinazoifanya seva ya nyumbani ikataliwe inapojaribu kutuma moja kwa moja. Baada ya hapo yanafafanua usanidi wa rilei kwa kutumia programu ya Postfix, uthibitisho wa kikoa kwa SPF, DKIM na DMARC, na namna barua zinavyoweza kupotea bila mtumaji kuarifiwa. Hoja inayojengwa ni kwamba rilei hubadilisha njia ya barua na, pamoja na njia hiyo, mwenye dhamana ya kuifikisha. Kwa hiyo, anayeitumia hupata kukubalika mbele ya wapokeaji, lakini hutoa sehemu ya faragha na uhuru wake.

Maneno makuu: barua pepe, seva ya nyumbani, rilei, SMTP, dhamana, faragha

1.0 Utangulizi

Mtu anayeweka seva nyumbani kwake hutambua mapema kwamba kuhifadhi mafaili au kuendesha tovuti ndogo ni kazi nyepesi kuliko kutuma barua pepe moja ikafika. Seva huwashwa, programu husakinishwa, barua huandikwa na amri ya kutuma hutolewa bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo. Baada ya siku mbili mpokeaji husema hakuona kitu. Tatizo hili halitokani na uzembe wa aliyesanidi. Limejengeka ndani ya historia ya barua pepe yenyewe, na utatuzi wake wa kawaida ni kupitisha barua katika seva ya mtoa huduma wa intaneti, ambayo katika makala haya inaitwa rilei.

Ili maelezo yasielee hewani, mfano mmoja wa kubuni utatumika toka mwanzo hadi mwisho. Ichukuliwe kwamba katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaendesha kompyuta ndogo yenye mfumo wa Debian nyumbani kwake. Kila mwisho wa mwezi kompyuta hiyo humtumia kila mwanachama taarifa ya akiba yake, marejesho yake na tarehe ya kikao kijacho. Kikundi kina kikoa chake, ambacho hapa kitaitwa example.org, jina lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya kufundishia. Barua hizi ni fupi na si nyingi, lakini uzito wake si mdogo. Mwanachama asiyepata taarifa ya marejesho anaweza kutozwa faini asiyoitarajia, na taarifa ya deni la mtu ikisomwa na asiyehusika, heshima yake huathirika. Mambo mawili basi yanatafutwa kwa pamoja: barua ifike, na yaliyomo yabaki baina ya wanaohusika. Makala yataonyesha kwamba rilei husaidia sana katika jambo la kwanza na husaidia kidogo tu katika la pili.

2.0 Safari ya Barua na Mahali Dhamana Inapohama

Itifaki ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel na kuchapishwa Agosti 1982 katika waraka wa RFC 821. Toleo linalofuatwa sasa ni RFC 5321 la Oktoba 2008. Licha ya miaka mingi iliyopita, kiini chake hakijabadilika: ni mazungumzo ya maandishi baina ya kompyuta mbili. Seva inayotuma hujitambulisha kwa amri ya EHLO, hutaja mtumaji kwa MAIL FROM, hutaja mpokeaji kwa RCPT TO, kisha hutoa barua yenyewe baada ya DATA. Kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Namba inayoanza na 2 ni kibali. Inayoanza na 4 ni kusubirishwa. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja.

Mambo mawili katika mazungumzo haya yanahitaji kushikwa vizuri. La kwanza ni tofauti kati ya bahasha na barua. Anwani inayotajwa katika MAIL FROM iko kwenye bahasha, na ndiyo anwani ambayo taarifa za kushindwa hurudishwa. Anwani anayoiona msomaji, katika mstari wa From, iko ndani ya barua. Hizi mbili si lazima zifanane, kama vile barua ya karatasi inavyoweza kuwa na jina moja nyuma ya bahasha na saini nyingine chini ya maandishi. Sehemu kubwa ya ulaghai wa barua pepe, na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya ulaghai huo, imejengwa juu ya tofauti hii.

Jambo la pili ni kuhama kwa dhamana. Kwa mujibu wa RFC 5321, seva inapojibu 250 baada ya kupokea maandishi yote, inakuwa imekubali wajibu wa kuifikisha barua hiyo au kumwarifu mtumaji kwamba imeshindikana. Kabla ya jibu hilo, wajibu ni wa anayetuma. Baada yake, ni wa aliyepokea. Barua pepe kwa hiyo ni mnyororo wa makabidhiano, na katika kila pingu yupo mmoja tu mwenye dhamana. Rilei ni pingu moja zaidi katika mnyororo huo.

Mfumo wa posta unatoa ulinganisho ulio karibu. Nchini Tanzania barua nyingi haziletwi mlangoni. Hupitia ofisi ya posta na kuchukuliwa katika sanduku lenye namba. Mtumaji hukabidhi barua yake kwa posta, na kuanzia hapo muhuri wa posta ndio unaosafiri nayo. Seva inayotuma moja kwa moja ni sawa na mtu anayesafiri mwenyewe na barua mkononi hadi mji wa mpokeaji. Seva inayotumia rilei ni sawa na mtu anayeiacha barua dirishani na kuondoka.

3.0 Kwa Nini Seva ya Nyumbani Hukataliwa

3.1 Ukarimu wa mwanzo na matokeo yake

Katika miaka ya mwanzo, karibu kila seva ya barua ilikuwa rilei ya kila mtu. Mgeni yeyote aliweza kuikabidhi barua ya kwenda popote, nayo ikaipeleka. Ukarimu huo uliwafaa watafiti wachache waliofahamiana, waliokuwa na mitandao isiyo imara. Hata hivyo, tayari tarehe 3 Mei 1978, kabla ya SMTP kuwapo, tangazo la biashara la Gary Thuerk wa kampuni ya DEC lilikuwa limetumwa kwa mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET. Intaneti ilipofunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, watumaji wa barua taka walizitumia rilei huria kuficha asili yao na kuhamishia gharama kwa wengine. Programu ya Sendmail, iliyokuwa imeenea kuliko zote, ilizima upitishaji huria katika usanidi wake wa awali kuanzia toleo la 8.9 la mwaka 1998.

Mlango huo ulipofungwa, watumaji wa barua taka waligeukia kompyuta za majumbani. Virusi vya Sobig vya mwaka 2003 vilibeba ndani yake programu ya kutuma barua, hivi kwamba kompyuta iliyoambukizwa haikuhitaji seva ya mtu mwingine. Mamia ya barua yaliweza kutoka katika nyumba ambayo mwenyewe hajui chochote. Kuanzia hapo, barua inayotoka moja kwa moja kwenye laini ya nyumbani ilianza kuhesabiwa kuwa dalili ya maradhi.

3.2 Kufungwa kwa lango la 25

Mazungumzo ya SMTP baina ya seva na seva hupita katika lango namba 25. Katikati ya miaka ya 2000 watoa huduma wengi walianza kuwazuia wateja wa kawaida kutoka nje kupitia lango hilo. Japani, kwa mfano, zuio hilo lilifanywa kuwa desturi ya pamoja ya watoa huduma. RFC 5068 ya Novemba 2007 iliweka mwongozo unaofuatwa hadi leo: barua za wateja zikabidhiwe kwa seva ya mtoa huduma kupitia lango la 587, baada ya mteja kuthibitisha utambulisho wake. Lango la 587 lilikuwa limetengwa tangu Desemba 1998 kwa kazi hiyo ya kukabidhi, ili itofautishwe na kazi ya kusafirisha baina ya seva.

Dalili ya zuio hili katika seva ya katibu ni ya kipekee: hakuna jibu la kukataliwa. Seva hujaribu kuunganisha, husubiri, muda huisha, na barua hubaki kwenye foleni. Asiyejua huanza kutafuta kosa katika programu, ilhali kosa halimo humo.

3.3 Sifa ya anwani

Hata pale lango la 25 lilipoachwa wazi, barua hukutana na kikwazo cha sifa. Seva inayopokea huitazama anwani ya IP inayounganisha nayo na kuuliza katika orodha za kuzuia. Orodha mojawapo inayotumika sana ni PBL ya Spamhaus. Hiyo haikusanyi wakosaji. Inakusanya mafungu ya anwani ambayo, kwa sera, hayatarajiwi kutuma barua moja kwa moja, yakiwamo ya wateja wa majumbani. Methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza ndiyo kanuni ya kazi hapa: anwani hukataliwa kwa sababu ya mtaa inakokaa, hata kama yenyewe haijawahi kukosea.

Kwa wanaotumia intaneti ya simu hali huwa ngumu zaidi. Kutokana na upungufu wa anwani za IPv4, mitandao mingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na huwapa ndani anwani kama zile za fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwezi Aprili 2012. Mteja wa namna hiyo hana anwani yake mwenyewe ya kujengea sifa, na kosa la jirani asiyemjua ni kosa lake pia.

3.4 Jina la kinyume

Kikwazo cha mwisho ni jina la kinyume. Mfumo wa majina ya vikoa hutafsiri jina kuwa anwani, lakini pia hutafsiri anwani kuwa jina kupitia rekodi ya PTR. Seva nyingi hudai kwamba tafsiri hizi mbili zikubaliane. Google na Yahoo walilitaja sharti hilo waziwazi katika masharti yao kwa watumaji yaliyoanza kutekelezwa Februari 2024. Mwenye kikoa anaweza kuandika rekodi zote za kikoa chake, lakini rekodi ya PTR ni mali ya mwenye fungu la anwani, yaani mtoa huduma. Katibu hawezi kuiandika yeye mwenyewe.

Vikwazo hivi vinne vikitazamwa kwa pamoja vinaonyesha jambo moja. Seva ya nyumbani haikataliwi kwa kile inachosema, bali kwa kukosa wa kuithibitisha. Iko katika hali ya mtu anayekwenda kufungua akaunti bila barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa: huenda ni mwaminifu, lakini hakuna aliyemsemea.

4.0 Rilei: Utaratibu na Usanidi

4.1 Utaratibu

Rilei ndiyo hiyo barua ya utambulisho. Mtoa huduma anamjua mteja wake kwa mkataba na malipo. Anwani ya rilei yake ina jina la kinyume linalokubaliana, na ina sifa iliyojengwa kwa muda mrefu. Seva ya nyumbani huunganisha na rilei kupitia lango la 587 au la 465, husimba mawasiliano, hutoa jina na nywila, kisha hukabidhi barua. Rilei hujibu 250, na dhamana huhama. Ndipo rilei huitafuta seva ya mpokeaji na kuipelekea barua kupitia lango la 25, ambalo kwake halijafungwa.

4.2 Usanidi katika Postfix

Postfix ni programu ya seva ya barua iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa hadharani mwaka 1998. Usanidi wake wa rilei huhitaji mistari michache katika faili la /etc/postfix/main.cf:

relayhost = [rilei.example.net]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
inet_interfaces = loopback-only

Kila mstari una sababu yake. Mabano ya mraba katika mstari wa kwanza huiambia Postfix iende kwenye jina hilo lenyewe. Yakisahauliwa, programu hutafuta rekodi ya MX ya jina hilo na inaweza kuishia kwenye seva ya kupokelea barua, ambayo haina kazi ya kupitisha. Mistari miwili inayofuata huwasha uthibitishaji na kuonyesha mahali nywila ilipo. Mstari wa nne ni wa lazima mara nyingi, kwa sababu usanidi wa awali wa Postfix hukataa njia zinazopeleka nywila katika maandishi wazi, ilhali rilei nyingi hutumia njia hizo hizo ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa.

Mstari wa tano unahitaji uangalifu zaidi. Thamani ya may huruhusu mawasiliano kuendelea bila kusimbwa pale usimbaji unaposhindikana, na kwa hiyo nywila inaweza kupita wazi. Thamani ya encrypt hulazimisha usimbaji, lakini haihakiki kwamba aliye upande wa pili ndiye rilei halisi. Thamani ya secure huhakiki cheti cha rilei, na ndiyo inayofaa pale ambapo nywila inatumwa. Mstari wa sita huonyesha vyeti vinavyoaminiwa ili uhakiki huo uwezekane. Mstari wa mwisho huifanya seva isikilize maombi ya ndani ya kompyuta hiyo tu, ili seva ya katibu isigeuke kuwa rilei huria ya watu wa nje.

Faili la nywila huandikwa kwa mstari mmoja wenye jina la rilei kama lilivyo katika relayhost, pamoja na mabano na namba ya lango, likifuatiwa na jina la mteja na nywila. Amri ya postmap huligeuza kuwa jedwali. Kwa kuwa nywila imo ndani yake bila kufichwa, ruhusa za faili hilo na za jedwali lake hupunguzwa hadi 600, ili msimamizi pekee aweze kuzisoma. Katika Debian kuna kikwazo kingine ambacho huwasumbua wengi: kifurushi cha libsasl2-modules kisiposakinishwa, uthibitishaji hushindwa kwa madai kwamba hakuna njia inayopatikana, hata kama nywila ni sahihi. Pale ambapo mtoa huduma hutumia lango la 465, ambalo usimbaji wake huanza kabla ya neno lolote, mstari wa smtp_tls_wrappermode = yes huongezwa.

5.0 Uthibitisho wa Kikoa

Rilei huithibitisha anwani inayotuma; haithibitishi kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa. Kazi hiyo hufanywa na nyenzo tatu.

SPF, iliyosanifiwa katika RFC 7208 ya Aprili 2014, ni rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Kosa la kawaida ni kuandika humo anwani ya nyumbani. Seva ya mpokeaji haiioni nyumba, inaiona rilei. Rekodi sahihi kwa hiyo huwataja watumaji wa mtoa huduma, kwa mfano v=spf1 include:spf.example.net -all. Izingatiwe pia kwamba SPF huruhusu maulizo yasiyozidi 10 ya mfumo wa majina katika ukaguzi mmoja. Rekodi iliyojaa marejeo mengi huvunjika.

DKIM, iliyo katika RFC 6376 ya Septemba 2011, ni saini ya kidijitali. Seva ya nyumbani husaini barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi huchapishwa katika kikoa. Saini husafiri na barua, kwa hiyo haitegemei njia iliyopitwa. Hata hivyo, rilei inayoongeza maneno chini ya barua, kama vile tangazo au onyo, huivunja saini hiyo.

DMARC, iliyochapishwa Machi 2015 katika RFC 7489, huunganisha nyenzo hizo na anwani ambayo msomaji anaiona. Hudai kwamba walau moja kati ya SPF na DKIM ifaulu kwa kikoa kinacholingana na kilicho katika mstari wa From. Hapa ndipo rilei huleta mtego. Baadhi ya watoa huduma hubadilisha anwani ya bahasha na kuweka ile ya akaunti ya mteja. Ukaguzi wa SPF hufaulu, lakini hufaulu kwa kikoa cha mtoa huduma, si kwa example.org. Kwa macho ya DMARC hiyo si kufaulu. Barua itaokolewa na DKIM peke yake. Ni kwa sababu hiyo kusaini nyumbani, kabla ya kukabidhi, ni hatua isiyofaa kuachwa na mwenye kikoa chake mwenyewe.

Wako pia watoa huduma ambao hukataa kabisa kupitisha barua yenye kikoa kisicho chao. Kwa mteja wao, usanidi wowote mzuri hautasaidia, na swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya mkataba kusainiwa.

6.0 Kupotea Kimya

Hatari kubwa ya mfumo huu ni barua inayopotea bila mtu kuambiwa, kwa kuwa barua iliyokataliwa wazi hujulikana na kushughulikiwa. Njia za upotevu huo ni tatu, na zote hufuata kanuni ya dhamana iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0.

Njia ya kwanza ni kusoma vibaya daftari la kumbukumbu. Postfix inapoandika status=sent, maana yake ni kwamba rilei imepokea. Haisemi lolote kuhusu mpokeaji wa mwisho. Katibu anayeona neno hilo mbele ya majina yote ya wanachama anaweza kuamini kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza kwa mwingine.

Njia ya pili ni anwani ya kurudishia isiyopokea. Rilei ikishindwa baada ya kupokea dhamana, hutuma taarifa kwa anwani iliyo kwenye bahasha. Programu nyingi za seva huandika humo jina la kompyuta lenyewe, mfano root@seva.local, ambalo halipatikani popote kwenye intaneti. Hata jina likiwa sahihi, seva ya nyumbani iliyo nyuma ya anwani ya pamoja haiwezi kufikiwa kutoka nje. Taarifa ya kushindwa hutumwa, haimpati mtu, na hufutwa. Dawa yake ni kuweka kwenye bahasha anwani ya sanduku linalopokea barua kweli, hata kama liko kwa mtoa huduma mwingine, na mtu awe na wajibu wa kulisoma.

Njia ya tatu ni ucheleweshaji. Nywila ikibadilishwa au rilei ikizimika, barua hubaki kwenye foleni ya nyumbani. Kwa usanidi wa awali, Postfix hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa, na katika muda huo haimtumii mtumaji onyo lolote. Wito wa kikao unaocheleweshwa siku 5 unaweza kufika kikao kikiwa kimeshamalizika. Mstari wa delay_warning_time = 4h huleta onyo mapema, na amri ya postqueue -p huonyesha kilicho kwenye foleni. Katika mfano wa katibu, utaratibu wa busara ni kutazama foleni siku ileile ya kutuma, kusoma sanduku la taarifa za kushindwa siku inayofuata, na kuwataka wanachama wawili au watatu wenye watoa huduma tofauti wathibitishe kuwa wamepata.

7.0 Gharama za Kutumia Rilei

7.1 Faragha

Usimbaji wa mawasiliano hulinda barua kati ya pingu na pingu, si ndani ya pingu. Barua ikiwa kwenye rilei iko wazi kwa mwenye rilei. Taarifa ya deni ya mwanachama hupita mikononi mwa mtu wa tatu ambaye mwanachama hakumchagua. Aidha, rilei huandika katika kichwa cha barua mstari wa Received wenye anwani iliyokabidhi, na hivyo anwani ya nyumbani kwa katibu hujulikana na kila mpokeaji. Kuiondoa si rahisi, kwa kuwa mstari huo huandikwa baada ya barua kutoka mikononi mwake.

Kwa wanaoshughulikia taarifa za watu wengine, jambo hili limevuka mipaka ya ufundi. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kusimba maandishi ya barua kwa OpenPGP kabla ya kuyakabidhi huziba sehemu ya pengo hili, lakini vichwa vya barua, yaani nani kamwandikia nani na lini, hubaki wazi. Na wanachama wa kawaida ni wachache wanaoweza kufungua barua ya namna hiyo. Njia nyepesi kwa kikundi kidogo ni kupunguza kinachoandikwa: barua imwarifu mwanachama kwamba taarifa yake iko tayari, na kiasi cha deni asome mahali palipolindwa.

7.2 Utegemezi

Rilei hugawanywa na wateja wengi. Mmoja akitekwa na virusi, sifa ya rilei nzima hushuka, na methali ya samaki aliyeoza hurudi kwa sura nyingine. Watoa huduma kwa sababu hiyo huweka ukomo wa idadi ya barua kwa saa au kwa siku, na kikundi chenye wanachama wengi kinaweza kuzuiwa katikati ya kazi. Katibu anaweza kupunguza hatari hiyo kwa kupangilia barua zitoke kidogokidogo, lakini hawezi kuiondoa. Mteja akihama mtoa huduma, rilei hubaki nyuma, na rekodi ya SPF lazima iandikwe upya siku hiyohiyo.

7.3 Njia mbadala

Anayeona gharama hizi ni kubwa ana njia mbili kuu. Anaweza kulipia rilei ya kampuni isiyo mtoa huduma wake wa intaneti. Hapo hupata uhuru wa kuhama, lakini faragha hubaki vilevile, isipokuwa amebadilisha tu anayemwamini. Au anaweza kukodi seva yenye anwani ya kudumu katika kituo cha data na kuandikisha jina lake la kinyume. Hapo huwa pingu ya kwanza yeye mwenyewe, lakini huanza bila sifa na hubeba peke yake kazi ya kuijenga. Kila njia huhamisha dhamana mahali tofauti.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kukataliwa kwa seva ya nyumbani ni matokeo ya historia: ukarimu wa rilei huria ulitumiwa vibaya, kompyuta za majumbani zikatekwa, na intaneti ikajibu kwa kudai mdhamini kwa kila mtumaji. Rilei ya mtoa huduma humpa seva ndogo mdhamini huyo kwa mistari michache ya usanidi. Ili udhamini huo uwe na maana, mambo matatu yanapaswa kwenda pamoja: uhakiki wa cheti cha rilei ili nywila isiibiwe, saini ya DKIM inayowekwa nyumbani ili jina la kikoa libaki la mwenyewe, na anwani ya kurudishia inayopokea kweli ili kushindwa kujulikane.

Hata hayo yakitimizwa, rilei hubaki kuwa mkono wa mtu mwingine. Katibu wa kikundi anaweza kuwaahidi wanachama wake kwamba barua zao zitafika karibu kila mara, na kwamba zisipofika atajua. Hawezi kuwaahidi kwamba hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma njiani. Ni wajibu wake kuwaeleza jambo hilo kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza ya deni la mtu, ili wao waamue ni kipi kipitie barua pepe na ni kipi kisubiri kikao.